Nani Aliyeifua Taa ya Aladini?

Wapo wenzetu wanaosema kwamba hadithi za taa, pete, mabusati yarukayo na farasi wa mpingo ni mafunzo ya uchawi, na kwamba yafaa ziondolewe madarasani. Wapo na wengine wanaozitetea kwa hoja mbaya kuliko lawama yenyewe: kwamba hizo ni mali ya Waarabu tangu zama za kale, nasi tumezipokea kama apokeavyo mtu nguo iliyokwisha kushonwa, basi tuzivae na tunyamaze. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote ila kwa jambo moja. Yote mawili hayajapata kuuliza vitu hivyo vya ajabu vimetoka wapi. Sisi twadai kwamba hilo ndilo swali la kwanza, na kwamba mwalimu asiyeliuliza huwazoeza wanafunzi wake kuamini kuwa mali huota yenyewe ardhini kama uyoga.

Twende kwenye hadithi zenyewe. Katika Alfu Lela Ulela mvuvi maskini avuta jarife lake, na baada ya kuambulia punda mfu, mtungi wa matope na vigae vitupu, apata chombo cha shaba kilichozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Suleimani bin Daudi. Msimulizi hakutuachia fumbo. Jini aliyemo ndani alimwasi Suleimani, akahukumiwa, akafungwa, akatoswa baharini. Chombo hiki kina mwenyewe, kina sababu, kina na umri wake. Hakika si chombo cha ajabu tu. Ni hati ya hukumu.

Au tutazame kisa cha Mwana wa Mfalme Ahmad na Pari Banu. Ndugu watatu wampenda binti mmoja, na baba yao awatuma ulimwenguni, kila mmoja alete kitu kisicho na kifani. Husaini anunua busati lirukalo huko Bisnagar, nchi ya Bara Hindi, kwa mifuko arobaini ya fedha. Ali anunua Shirazi mwanzi wa pembe ya ndovu ambao mtu akiuchungulia humwona amtakaye, hata akiwa mbali namna gani. Ahmad anunua Samarkandi tufaha ambalo harufu yake humponya mgonjwa wa maradhi yoyote. Msomaji aangalie neno hili: wananunua. Hakuna aliyeokota, hakuna aliyepewa na jini. Vitu hivi vilikuwa vikipitishwa sokoni na dalali, bei ikitajwa kwa sauti.

Na tufaha lile, dalali alieleza asili yake. Lilitengenezwa na mwanachuoni mmoja wa mji ule, aliyetumia umri wake wote kuchungua nguvu za mimea na madini. Aliwaponya watu wengi kwalo. Kisha mauti yakamjia yeye mwenyewe ghafla, asiwahi hata kuinusa dawa yake. Akaacha mjane na watoto wadogo wasio na kitu, na mjane ndiye aliyelitoa tufaha linadiwe ili wanawe wapate kula.

Hapa ndipo tunapotaka mwalimu asimame kidogo. Katika hadithi ndefu iliyojaa majumba ya dhahabu na wana wa wafalme, mistari michache imewekwa juu ya mtu aliyekesha, akafanya kazi, akafa, na juu ya mwanamke aliyelazimika kuuza jasho la mumewe. Jina lake mwanachuoni hatuambiwi. Mjane apata fedha zake, kisha haonekani tena. Ahmad ndiye asifiwaye. Mwanafunzi atakayeulizwa, “Ni nani aliyemponya binti yule?” atajibu, “Ahmad.” Akiulizwa mara ya pili, pengine atafikiri. Tufaha lile ni elimu iliyopatikana kwa taabu, na anayeliita uchawi hakuisoma hadithi. Aliisikia ikitajwa tu.

Tuseme neno juu ya ule mwanzi wa pembe pia. Hatudai kwamba ulichongwa kwa pembe ya ndovu wetu. Hiyo ni hadithi, na hadithi haina risiti. Lakini al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na Uchina. Ulimwengu wa hadithi hizi ulikuwa ulimwengu wa bidhaa, na pwani hii ilikuwa miongoni mwa wauzaji.

Farasi wa mpingo hatutakawia naye. Katika masimulizi ya Kiarabu ametengenezwa na hakimu mmoja, naye ana chango moja ya kupandia na nyingine ya kushukia, kwa hiyo ni mtambo, si mnyama wa kichawi. Fundi yule aahidiwa binti wa mfalme, kisha atiwa kifungoni, na atolewapo hapewi alichoahidiwa. Ndipo msimulizi amfanya kuwa mwovu wa hadithi. Wanafunzi na wabishane kama uovu ulianza kwake.

Sasa taa. Kitu mashuhuri kuliko vyote ndicho kisicho na asili. Baba yake Aladini alikuwa mshona nguo, na twaambiwa. Mama yake alisokota pamba ili wapate chakula, na twaambiwa. Mchawi atakapo kuiiba taa kwa hila ya kubadilisha taa mpya kwa kuukuu, aenda kwa fundi na kuagiza taa kumi na mbili za shaba, zing’arishwe vizuri, na fundi yule alipwa. Basi taa za kawaida kumi na mbili zina fundi, nayo taa moja ya ajabu haina! Ilikuwako tu chini ya ardhi, katikati ya nchi ya Uchina, ikingoja. Tena haikumtokea mtu yeyote kwa maneno ya kichawi. Mama mchapa kazi aliisugua kwa mchanga ili iuzwe wapate kula, na jini akatoka. Kwa maoni yetu huo ndio upungufu wa hadithi hii, na ndio uliowafanya wavivu waipende mno.

Lakini kuna kitu kilichopewa asili kwa ukamilifu, nacho ni ubaya. Katika maandishi ya Mfaransa Antoine Galland, ambayo ndiyo ya kwanza kuichapisha hadithi hii, mchawi ametoka Afrika, na sababu imeelezwa: kwamba Afrika ni nchi ambayo watu wake wameshikilia uchawi kupita watu wa nchi zote. Tunajua kwamba Afrika iliyokusudiwa ni ile ya Maghribi. Hilo halimfariji mtoto anayesoma neno “Afrika” na kujiona yeye humo. Taa haina mzazi, lakini mchawi anaye, na mzazi ni sisi! Anayetaka kuziondoa hadithi hizi madarasani ataliacha neno hilo likae bila ya kujibiwa, maana watoto watalikuta kwingine, na mwalimu hatakuwapo.

Na ni nani aliyesema kwamba hii ni mali ya kale ya Waarabu? Galland alianza kuchapisha Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa mwaka 1704, akifuata mswada wa Kiarabu uliotoka Shamu. Katika mswada huo Aladini hamo. Hadithi zilipomwishia, alikutana Paris, mwaka 1709, na kijana wa Halab jina lake Hanna Diyab, Mkristo wa madhehebu ya Maroni, aliyeletwa Ufaransa na msafiri Paul Lucas. Kijana huyo alimpa kisa cha Aladini, cha Ali Baba, cha Ahmad na Pari Banu, na vingine. Galland aliandika jina lake katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, lakini katika majuzuu aliyoyachapa hakumtaja. Aladini akatoka mwaka 1712, na dunia ikaamini kwamba ametoka katika vumbi la karne nyingi. Hanna alirudi kwao, na alipokuwa mzee aliandika habari za safari yake. Mswada wake uliwekwa katika maktaba ya Vatikani, na wataalamu hawakutambua kuwa ni wake hadi mwaka 1993.

Basi yule mwanachuoni wa Samarkandi asiye na jina, aliyefanya kazi na wengine wakasifiwa, alisimuliwa na mtu ambaye yalimpata hayo hayo. Hatujui mfano mwingine unaolingana na huu katika fasihi yoyote tuliyoisoma.

Waliofuata hawakufanya vizuri zaidi. Filamu ya Marekani ya mwaka 1992 ilimtoa Aladini Uchina ikampeleka katika mji wa kubuni, ikamtia jini katika kanuni ya matakwa matatu isiyokuwamo katika maandishi ya Galland, ikaongeza na busati. Kubadili si kosa. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela, akawageuza wale ndugu waliokuwa mbwa kuwa manyani, na kazi ikawa yake. Kosa ni kuificha njia ambayo kitu kimepita.

Wanaosema sisi hatuna chetu tunawakumbusha tupa ya Fumo Liyongo. Shujaa yu gerezani, mama yake aficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada aupitisha mbele ya walinzi, ambao hawautamani mkate wa makapi. Tupa ile yakata minyororo. Hakuna jini aliyeitwa. Kuna mhunzi aliyefua chuma, mama mwenye akili, na msichana mwenye ujasiri ambaye utenzi haukulisahau jina lake. Tuwekeni tupa na taa juu ya meza moja, walimu, na tuwaulize vijana ipi kati ya hizo mbili wangependa kuwa nayo, na kwa nini. Majibu yao hayatakuwa mepesi, maana taa hujenga jumba kwa usiku mmoja, nayo tupa hukata chuma tu.

Kwa wachapishaji tuna dai moja, nalo halina gharama ila wino. Kisa cha Aladini kitakapochapwa tena kwa Kiswahili kwa matumizi ya shule, iandikwe chini ya kichwa cha hadithi kwamba kilisimuliwa na Hanna Diyab wa Halab, mwaka 1709. Jina la Galland lifuate, na la mfasiri baada yake. Na pale penye neno lile juu ya Afrika lisifutwe. Liachwe lilivyo, na pembeni paachwe nafasi ya kutosha kwa mwanafunzi kuandika jibu.