Almasi ya Mwadui: Bahati au Elimu?

Mkoani Shinyanga masimulizi ya kupatikana kwa almasi ya Mwadui aghalabu huwa mafupi: Mzungu mmoja alipita porini, akaokota jiwe chini ya mbuyu, akatajirika. Masimulizi hayo hupendeza masikioni, lakini huficha jambo lenye thamani kuliko almasi yenyewe, nalo ni elimu.

John Thoburn Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill, chuo kilekile alichohitimu James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Nia yake ya kwanza ilikuwa sheria. Baada ya kufuatana na wenzake kwenda Labrador kuchunguza miamba, aligeukia jiolojia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Baadaye alikuja Tanganyika kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mabuki.

Jiolojia hufundisha kwamba almasi haizaliwi katika changarawe inamookotwa. Huumbika katika kina cha zaidi ya kilomita 150, penye joto na mgandamizo mkubwa, kisha hupandishwa juu na mwamba ulioyeyuka uitwao kimberlaiti. Mvua na mito huumomonyoa mwamba huo na kuyatawanya mawe yake. Basi aonaye almasi chache zilizotawanyika hana budi kuuliza: zimetoka wapi? Williamson aliliandama swali hilo kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1940 akafika Mwadui, penye mwamba wa kimberlaiti wenye eneo la hekta 146 hivi. Alifariki mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 50.

Hapana anayekana kwamba bahati ilikuwapo. Lakini bahati hiyo ilimkuta mtu aliyejua anachokitafuta. Mikono iliyochimba ilikuwa ya Waafrika, ambao enzi za ukoloni hawakufunguliwa mlango wa elimu hiyo. Leo mlango u wazi, na ni aibu kuupita.

Kuisimulia habari hii kama bahati tupu kuna madhara makubwa. Tangu mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga matapeli walidai kuwa viungo hivyo huleta utajiri wa madini na samaki. Dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ililetwa na majimoto yaliyopenya katika nyufa za miamba hiyo. Hirizi haiwezi kuisogeza hata kwa upana wa unywele.

Yafaa basi walimu wa jiografia, fizikia na kemia waanze na mawe yaliyo karibu na shule zao. Mizani, maji na chombo chenye vipimo vinatosha. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Pairiti, inayong'aa na kuwadanganya wengi, haizidi mara 5 hivi. Mwanafunzi aliyeupima ukweli huo kwa mikono yake mwenyewe hatakuwa mteja rahisi wa mpiga ramli, na huenda siku moja akawa mhandisi wa mgodi ulio nyumbani kwao.