Baiskeli Barabarani: Hesabu Mito Kabla ya Kilomita

Mtu akimwuliza mwenyeji wa Kutus umbali wa kwenda Embu, atatajiwa idadi ya kilomita, naye atashukuru na kwenda zake. Jibu hilo lamtosha mwenye gari. Lakini mwenye baiskeli amedanganyika, kwa kuwa baiskeli haina mtambo mwingine ila miguu ya mwenyewe, na miguu haihesabu kilomita, huhesabu vilima. Swali limfaalo mpanda baiskeli wa nchi hii ni jingine: Je, njiani kuna mito mingapi?

Sababu yake si ngumu kueleweka. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, umesimama upande wa kaskazini, na tambarare ya Mwea iko kusini, kwenye kimo cha mita 1,160 hivi. Kati ya mlima na tambarare, maji yamekuwa yakishuka tangu zamani za zamani, yakichimba ardhi nyekundu na kufanya mabonde marefu. Mito mikubwa ya Kirinyaga ni sita: Sagana, Ragati, Rwamuthambi, Thiba, Nyamindi na Rupingazi, na maji ya yote huishia katika mto Tana. Baina ya mto na mto pana mgongo wa ardhi. Basi barabara ifuatayo mgongo hupanda au hushuka taratibu, lakini barabara ikatayo migongo humtumbukiza mpandaji bondeni na kumpandisha tena, mara moja kwa kila mto. Mji wa Kutus upo katikati ya mambo hayo, na kutoka hapo mtu aweza kuchagua njia za namna tatu.

Njia ya kwanza ni ya kupanda mgongo kwenda Kerugoya. Mpandaji aondokaye alfajiri hukutana na mwinuko mrefu usio mkali sana. Huyaacha nyuma mashamba ya nyanya, mahindi na maharagwe, huingia katika kahawa, na akizidi kupanda kutoka Kerugoya kuelekea msituni hufika penye majani chai, ambapo baridi ya asubuhi humkumbusha kwamba mlima u karibu. Faida ya njia hii ni kwamba kazi ngumu hufanywa mapema, mwili ukiwa na nguvu na jua likiwa bado changa. Anayeanza kujifunza safari ndefu, au mtumishi aliyekaa mezani ofisini kwa miaka mingi, yafaa aanzie hapa. Akichoka popote, hugeuza tu baiskeli, nayo humrudisha Kutus bila kumdai jasho jingi.

Njia ya pili ni ya kukata migongo. Aendaye mashariki hadi Embu sharti avuke Nyamindi, kisha Rupingazi, ndipo auone mji. Aendaye magharibi hadi Karatina, kwa kupitia Kerugoya na Kagumo, hungojwa na mabonde ya Rwamuthambi na Ragati. Njia hizi zapendeza sana kwa macho, lakini hapa ndipo penye hatari, na habari zake zataka kuelezwa kwa makini.

Mpandaji aonapo kilima ng'ambo ya mto hushawishika kuachilia breki ateremke kwa kasi, ili kasi hiyo imsukume hadi nusu ya kilima cha mbele. Hesabu hiyo ni nzuri, ila imelisahau daraja. Daraja liko chini kabisa, mara nyingi baada ya kona, napo ndipo lori la mchanga, matatu na ng'ombe waendao kunywa maji hukutana. Mwenye kasi hana pa kukwepea: kushoto pana ukingo wa daraja, na kulia pana magurudumu. Kwa hiyo breki hukazwa kabla ya kona wala si ndani yake, ya nyuma na ya mbele pamoja, kwa upole. Mvua ikinyesha, raba za breki huteleza juu ya chuma cha gurudumu, na baiskeli isimamayo mara moja wakati wa kiangazi huendelea mbele hatua nyingi kabla ya kutii. Aliyefunga gunia la viazi au mitungi ya maziwa kwenye karia na ajue kwamba mzigo nao humsukuma. Huyo na ashuke, aikokote baiskeli hadi darajani. Hakuna aibu katika kushuka. Afadhali mtu achelewe sokoni kuliko watu wa nyumbani kuitwa barabarani.

Njia ya tatu ni ya kuteremka kusini hadi nchi ya mpunga. Huko vilima huisha, na mpandaji huona majaruba ya kijani yakienea mbele yake, yaking'aa kwa maji, na ndege weupe wakitembea ndani yake kama wakaguzi. Baiskeli hukimbia yenyewe, na ndiyo sababu wengi hupotea katika hesabu. Asubuhi wameteremka kwa furaha. Saa nane mchana, jua likiwa kali na kivuli hakuna, wagundua kwamba kila mita waliyoteremka sasa wanadaiwa. Aendaye Mwea na awe amekwisha kugeuka kabla ya saa nne asubuhi, au angoje jua lipungue, na chupa yake ya maji isiwe tupu wakati wa kurudi. Tena achunguze mawingu. Udongo mwekundu wa juu ukilowa huteleza, lakini udongo mweusi wa tambarare hushika. Hujaa ndani ya madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka, na mtu akaibeba begani baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye.

Mifereji ya Mwea ina historia ambayo mpandaji apitaye kando yake hapaswi kuisahau. Ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na wachimbaji wengi walikuwa watu waliozuiliwa kambini, wengi wao bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kandongu, Gathigiriri, Thiba na Karaba, ambayo leo husikika katika vinywa vya makondakta wa matatu, yalikuwa majina ya kambi. Watu walipita huko na majembe mabegani, wakilindwa kwa bunduki, bila ruhusa ya kugeuka kurudi kwao. Anayepita leo kwa hiari yake, na kugeuka apendapo, yampasa apite kwa adabu.

Adabu hiyo ina matendo yake. Njia za ukingoni mwa mifereji si za mchezo. Ni za wakulima na za watunzaji wa maji. Mpandaji akutanapo na mama mwenye mzigo kichwani, ni yeye mwenye magurudumu ashukaye, kwa maana mama hana mahali pa kukanyaga ila majini. Wakati wa mavuno mpunga huanikwa juu ya maturubai kando ya barabara. Kupitisha gurudumu juu yake ni kukanyaga karo ya mtoto wa mtu. Na maji yale yenyewe yamegharimu sana. Hutoka Thiba na Nyamindi, na mfereji mmoja huyatoa ya Nyamindi na kuyaleta Thiba. Mwaka 2022 lilizinduliwa Bwawa la Thiba, huko juu Rukenya, liwezalo kuweka maji mita za ujazo zaidi ya milioni 15, ili mkulima asitegemee mvua peke yake. Basi avunjaye ukingo wa mfereji kwa kukimbiza baiskeli amevunja kazi ya watu wengi.

Wako wasemao kwamba baiskeli ni chombo cha mtu aliyekosa fedha za pikipiki. Hao na wakumbuke kwamba boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, huko mpakani Busia, kabla ya pikipiki kuja kuirithi kazi hiyo. Tena Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza kwa Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, akaenda Ufaransa na kuyashinda mashindano makubwa ya Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, mji usio na tambarare. Hapo dunia nzima iliona kwamba vilima si kasoro ya nchi. Vilima vimchoshavyo karani wa Kutus ndivyo vimleavyo bingwa.

Atakayejaribu safari yake ya kwanza Jumamosi ijayo na afanye haya jioni ya Ijumaa. Aigeuze baiskeli juu chini, azungushe kila gurudumu na kukaza breki aone kama lasimama papo hapo. Atie mnyororo mafuta. Atayarishe pampu, viraka na gundi, na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa kuwa giza la nchi hii huingia upesi. Avae kofia ngumu na nguo ya rangi ionekanayo. Barabarani ashike kushoto, wala asidandie lori mlimani hata dereva akimkaribisha. Kisha, kabla ya kulala, amwambie mtu wa nyumbani njia atakayopita, amtajie mito kwa majina yake mmoja mmoja, ili akichelewa wajue ni daraja gani la kumtafutia kwanza.