Msiisingizie Kashata

Watu wa rika langu waliokwisha kupata watoto wamempata mchawi wao, naye ni kashata. Katika makundi yao ya WhatsApp kila wiki yupo anayetuma onyo kwamba sukari ni sumu, na chini ya onyo ipo picha: kaimati zinazong'aa kwa shira, visheti kwenye sinia, kashata za nazi, vyote vimepigwa X nyekundu. Sijaona hata siku moja boksi la juisi likipigwa X hiyo.

Mimi sina mtoto. Nina miaka 26, nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na naishi Mbagala kwa dada yangu mkubwa na shemeji, pamoja na wapwa zangu watatu: msichana wa miaka 7, mvulana wa miaka 4, na kitinda mimba wa miaka 2. Najua wapo watakaoniambia asiye na mwana aeleke jiwe. Sawa. Ila dada huondoka alfajiri kuwahi gari, na anayewafungashia hawa vyakula vya shule ni mimi. Kwa hiyo nitasema.

Ninachosema ni kwamba vitu vitamu vya nyumbani vina lango, na vya dukani havina. Sisi tuliosoma tumelibomoa lango hilo, kisha tukakaa pembeni tukijisifu kwamba tunawalinda watoto.

Mwanzoni mwa muhula, shule ya awali anakosoma huyu wa miaka 4 ilileta barua. Wazazi wasiwafungashie watoto "vitafunwa vya mafuta na vinavyochafua mikono". Badala yake walete biskuti za pakiti, yogati na juisi. Sababu iliyotajwa ni afya na usafi. Dada aliisoma amesimama, mkoba bado begani, akaniuliza: "Kwa hiyo kitumbua changu ndio uchafu, boksi ndiyo afya?"

Tufanye hesabu, maana wenye maonyo hupenda kutaja sayansi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, awe mkubwa au mtoto, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Wala hesabu hiyo haikuishia kwenye sukari ya kijiko. Asali imo, na juisi ya matunda imo, hata ile isiyotiwa kitu. Mtoto anayekula kalori 1,300 kwa siku, asilimia 10 yake ni kalori 130. Gramu moja ya sukari hutoa kalori 4. Kikomo chake basi ni gramu 32 hivi. Mililita 300 za soda ya kola zina karibu gramu hizo hizo. Chupa moja ndogo, siku imekwisha, na chai ya jioni bado.

Sasa tuipime kashata. Kwetu tunatumia sukari nusu kilo kwa nazi mbili, tunapata vipande 40. Kila kipande kina gramu 12 na ushee. Ni nyingi. Mtoto akila vipande vitatu amevuka kikomo, tena kashata hunata kwenye meno. Vitumbua vina nafuu: mchele nusu kilo, sukari gramu 120, vinatoka 24, yaani gramu 5 kila kimoja. Sivitetei kwa kudai havina sukari. Ninachokitetea ni lile lango.

Kashata haiji kila siku kwa sababu haiwezi. Nazi inunuliwe, ivunjwe, ikunwe. Iliki itwangwe. Mtu asimame kwenye karai akikoroga mpaka sukari ishike, na akigeuka kidogo tu inaungua. Kisha imwagwe kwenye sinia, isawazishwe, ikatwe ingali moto. Vitumbua navyo, mchele uloweshwe tangu usiku, usagwe kwa tui, utiwe hamira, usubiriwe uumuke, halafu mtu akae na chuma na kijiti akigeuza kimoja kimoja. Kazi hiyo ndiyo lango lenyewe. Hakuna nyumba itakayoifanya kila jioni. Ndiyo maana vitamu hivi vilikuwa na siku zake: Idi, arusi, futari, mgeni aliyetoka mbali, Jumamosi ambayo mtu amepumzika.

Boksi la juisi halina siku. Liko dukani kwa Mangi tangu asubuhi hadi usiku, na mtoto wa miaka 4 anaweza kulifikia. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei ikapanda, nyumbani kwetu kashata na kaimati vilisimama vyenyewe bila mtu kutoa amri. Soda na biskuti hazikusimama. Mangi alikuwa nazo wiki zote zile.

Kisha litazame jambo hili kwa upande wa mzazi. Mtoto akilia kwenye daladala anapewa pipi. Akikataa kuoga anaahidiwa biskuti. Ugali ukibaki: "Maliza nikupe soda." Tumegeuza utamu kuwa hongo, na hongo lazima iwe karibu, mfukoni au kwenye mkoba. Kaimati haifai kwa hongo. Huwezi kumwambia mtoto anayegaragara sakafuni angoje unga uumuke. Vitabuni tumefundishwa neno kitindamlo, kana kwamba utamu ni malipo ya aliyemaliza sahani yake. Kwetu pwani vitu hivi havikuwa vikingoja mlo uishe. Vililiwa na chai, alasiri, na aliyekuwepo alikula, aliyemaliza ugali na asiyemaliza.

Tena mtoto aliyepo jikoni anaiona sukari kabla hajaila. Mpwa wangu mkubwa anajua kikombe kinachopimiwa sukari ya vitumbua, na siku moja alimwambia baba yake, "Umezidisha." Ni mtoto gani aliyewahi kuliambia boksi kuwa limezidisha? Vitumbua vikitoka 24, yeye ndiye anayegawa: sisi tuko sita, kila mmoja vitatu, sita vinavyobaki vinawekwa kwenye sahani na kupelekwa kwa jirani. Siku nyingine sahani ile inarudi na maembe, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Juisi ya boksi imekuja na mrija mmoja. Imetengenezwa isigawike.

Wala msidhani naota zamani. Mimi ni mtu wa Tanga, na najua kusini yetu, Pangani, karne ya 19 kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Sukari ya pwani ilianza na jasho la watu ambao hawakulipwa. Historia hiyo inanifanya niulize swali ambalo wapenzi wa mapishi ya nyumbani hawalipendi: hili lango ninalolisifu, analisimamia nani? Mikono ya nani?

Hapo nawageukia wenzangu wanaume, maana najua hoja yangu wataidaka kwa furaha. "Umeona? Wake zetu warudi jikoni." Hapana. Kuna mtu ambaye kila mwaka siku ya akina mama ikifika huweka picha ya mama yake na sinia la vitumbua, akaandika kwamba mapishi ya mama hayana mpinzani. Hajawahi kukaa juu ya mbuzi hata dakika kumi. Anayaita mapenzi kwa sababu akiyaita kazi atatakiwa kusaidia. Dada yangu anarudi nyumbani saa moja usiku. Ukimwambia huyo aachane na maboksi na kuanza kukuna nazi, hujamtetea mtoto, umemwongezea mama zamu ya pili.

Nyumbani kwetu shemeji ndiye anayekuna nazi. Alianza mwenyewe, na anaikuna vizuri, machicha yanatoka membamba. Jumamosi moja alikuwa juu ya mbuzi uani, mwanawe wa kiume amechuchumaa pembeni akidokoa machicha, mama yake mzazi akaingia bila taarifa, ametoka Tanga na basi la asubuhi. Bibi hakusema neno. Alisimama mlangoni tu. Shemeji akainuka, akajipangusa, akaenda kumpokea mzigo. Binti yake wa miaka 7 akaweka daftari chini, akaja, akakaa juu ya ile mbuzi na kuendelea alipoishia baba yake. Hakuna aliyemwita. Kaka yake aliendelea kudokoa.

Kitendo hicho kilinitisha kuliko gramu zote nilizozihesabu hapo juu. Miaka 7, na tayari anajua kwamba kiti kile ni chake baba anapoona haya. Kama hii ndiyo bei ya kashata, basi wenye maonyo wana haki ya kuikataa, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Ila sikubali kwamba hii ndiyo bei yake. Jioni ile dada alimwambia mumewe mbele ya mama mkwe, kwa sauti ya upole: "Baba Mwanaidi, nazi ya pili bado." Akarudi kukuna. Bibi alikula kashata tatu na hakuuliza nani alikuna.

Kwa hiyo nina madai. Kwa shule: futeni neno lile la uchafu, wekeni bomba na sabuni, mtoto anawe mikono. Kwa wazazi wenzake dada: siku za kawaida mtoto apewe maji, ndizi, chungwa lililomenywa, na utamu mrudishieni siku zake. Msimkataze kaimati ya Idi huku friji ina soda ya Jumatatu. Na usiku, mswaki, hata siku ya kashata.

Kwa vijana wa kiume mnaosoma hapa, wenye digrii na simu zenye video elfu za mapishi, sina ombi, nina ratiba. Ijumaa usiku loweka mchele nusu kilo. Asubuhi kuna nazi, kamua tui, saga mchele wako, tia hamira, iliki na sukari iliyopimwa, funika, ngoja. Mpwa wako au mwanao wa kiume akae karibu atwange iliki. Na msichana wa miaka 7 akija kukupokea mbuzi, mwambie arudi kwenye daftari lake, utamwita vikiiva.