Wa getini au wa kwenye kochi?

Mwezi huu tuongelee ugomvi ambao ukiusikia kwa wenzio utaucheka, ila ukiingia kwako utanuna. Shoga yangu mmoja na mumewe wamehamia nyumba yao mpya huku Dar, na wiki ya pili tu hawasemeshani. Kisa? Mbwa. Bwana anataka German Shepherd dume, wezi wakimwona wageuze. Bibi anataka Maltese, kale keupe kenye manyoya kama pamba, akae nako kwenye kochi. Kesi wakaileta kwangu, eti mhariri anajua kila kitu!

Haya, tuanze na chaguo la bwana. German Shepherd dume hufika kilo 30 hadi 40, na anakula kama mtu mzima. Aina hii ilianza kuzalishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kwa ajili ya kuchunga kondoo, yaani ni mbwa wa kazi. Ukimfungia bandani kutwa nzima atachimba bustani na kubweka usiku kucha. Anataka mazoezi ya kutosha kila siku na kufundishwa tangu mdogo. Nyonga zake huwa na ugonjwa wa kurithi, kwa hiyo kabla hujatoa hela, waone wazazi wake.

Maltese ana kilo 3 au 4 tu, chakula chake kiganja. Huishi miaka 12 hadi 15, wakati German Shepherd wengi huishi 9 hadi 13. Lakini shosti, mdogo si sawa na rahisi! Manyoya yale yanachanwa kila siku, meno huharibika mapema, na akiruka vibaya kutoka kitandani anaweza kuvunjika mguu. Kama una watoto wanaobeba kila kitu kama mdoli, yeye ndiye atakayeumia. Mwizi hatamwogopa, ila atabweka mpaka uamke, na huo nao ni ulinzi.

Awe mkubwa au mdogo, chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na dawa ya kupe pia. Mbwa akimng'ata mtu, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Na majirani tusiwasahau: kwa Waislamu wengi wa huku kwetu Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba. Usimwache azurure kwenye vibaraza vya watu.

Sasa hukumu. Niliwauliza swali moja tu: nani atamwogesha, nani atazoa kinyesi, nani atamtembeza? Wote wawili wakageuka kumtazama dada wa kazi! Binti wa watu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapika, anafua, na kumbe mbwa anawaogopa tangu utotoni. Hakuna aliyemuuliza.

Jamani, hapo ndipo penye kesi. Hawa wawili hawagombei ukubwa wa mbwa, wanagombea nani aamue na nani asihusike na kazi. Leo ni mbwa, kesho ni mtoto.

Nikawapa mtihani: wiki mbili, kila mmoja aamke saa kumi na mbili asubuhi atembee nusu saa, bila mbwa. Atakayemaliza ndiye achague, na mbwa atakuwa wake kwa kila kitu, dada asiguswe. Hadi naandika, bwana katembea siku nne, bibi siku mbili, na banda bado tupu. Ila angalau wanasemeshana.

Kwako wewe nani anaamua, na nani anafanya kazi? Jibuni wenyewe usiku huu, taa ikiwa imewashwa. Tukutane mwezi ujao!