Mdudu Mmoja, Maradhi Mia

Kuna neno moja linalopaswa kuondolewa katika mazungumzo yetu kuhusu maradhi ya kuambukiza, nalo ni "mdudu". Mwenye malaria ana mdudu, mwenye kifua kikuu ana mdudu, mwenye UKIMWI ana mdudu, hata mwenye mafua ya siku tatu ana mdudu. Neno hili limependwa kwa urahisi wake. Lakini urahisi huo ni wa kufuli linalofunguka kwa kila ufunguo: halilindi kitu.

Watetezi wake, wakiwamo wasomi wenzetu, husema kwamba mwananchi wa kawaida hahitaji zaidi ya hapo. Tofauti ya bakteria, kirusi na kimelea ni ya watu wa maabara. Hoja hii ina sura ya huruma, ila ndani yake mna dharau. Anayemeza dawa ni mwananchi, si maabara. Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja. Hujilisha, hukua na kujigawa, na viuavijasumu hutengenezwa ili kuvuruga shughuli hizo. Kirusi hakina seli. Huingia katika seli ya kiumbe kingine na kuigeuza karakana ya kuzalishia virusi vipya, kwa hiyo kiuavijasumu hakikidhuru. Aliyefundishwa kuwa vyote ni "mdudu" ana haki ya kudai kidonge kilekile kwa homa zote. Kisha dawa zikiwa butu, tunatoa mabango kuhusu "usugu wa vimelea".

Na mabango hayo nayo yana kasoro. "Kimelea" ni neno lililoundwa kwa ustadi mkubwa. Limetokana na kumea, kitenzi kilekile kilichotupa "mmea". Ni kile kinachomea juu ya kingine na kuishi kwa jasho lake. Biolojia ya shuleni inapolitumia kwa minyoo ya tumbo au kwa plasmodiamu wa malaria, neno lenyewe linafundisha. Sisi tumelitandaza likafunika bakteria na virusi pia, na sasa linaelekea kuwa "mdudu" aliyevaa koti. Haikuwa lazima. Istilahi zipo: TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichokosekana ni vinywa vya kuzitumia, maana sayansi ya sekondari Tanzania na Kenya iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Anayeona huu ni ubishi wa wanakamusi aitazame Durban. Julai 2000 jiji hilo liliupokea Mkutano wa 13 wa Kimataifa wa UKIMWI, wa kwanza kufanyika Afrika. Akiufungua katika uwanja wa Kingsmead, Rais Thabo Mbeki alisema haimwelei namna lawama zote zinavyoweza kubebeshwa kirusi kimoja. Siku chache kabla, wanasayansi na matabibu zaidi ya 5,000 walikuwa wametia saini Tamko la Durban, lililochapishwa katika jarida la Nature, wakisisitiza kuwa VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kwamba kucheleweshwa kwa dawa kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000 nchini Afrika Kusini. Sisemi msamiati ndio uliowaua, sera iliwaua. Lakini shaka hustawi pale umma unapokosa maneno ya kuihoji. Tazama jina letu: Virusi vya UKIMWI. Kisababishi na matokeo vimefungwa katika kirai kimoja, na anayelitamka jina hilo kwa ukamilifu tayari amejibu swali la Kingsmead. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi njema.

Leo, katikati ya jiji hilohilo, kuanzia Point hadi Albert Park, Kiswahili kinasikika: cha Kivu, cha Burundi, cha Tanzania. Wa Kivu husema "sida", wa Tanzania "UKIMWI". Muuguzi akisema kwa Kizulu "isifo sofuba", maradhi ya kifua, msikilizaji wetu atalitambua neno, kwa kuwa isifuba na kifua ni ndugu wa damu. Lakini udugu huo una mtego. Jina la kifua kikuu linataja mahali, halitaji kisababishi. Kikohozi kikiisha baada ya wiki chache, mgonjwa ataona kifua kimepona na kuacha dawa za miezi sita. Ni lazima aambiwe kuna bakteria, kwamba baadhi yao hujituliza mwilini na kuchelewa kufa, na kwamba waliobaki wanaweza kuwa sugu. Na atakayeambiwa ana "kifua kikuu cha uti wa mgongo" ataelewaje bila neno hilo?

Jibu kwa wale wanaodai kuwa haya ni mazito mno kwa mtu wa kawaida limo Warwick, pembezoni mwa katikati hiyo ya jiji, katika soko la dawa za asili lililojengwa juu ya daraja la barabara ambalo halikukamilishwa. Kwa Kizulu umuthi ni mti na pia ni dawa, lakini hakuna mnunuzi anayefika pale akasema tu "nipe mti". Husema isibhaha, na hutaka gome. Nasi tunatofautisha mwarobaini, mlonge na mshubiri bila kuhitaji shahada. Watu wanaokumbuka magome na mizizi kwa makumi hawawezi kushindwa na maneno matatu.

Basi tuyaandike. Mhariri wa habari za afya, mfasiri wa vipeperushi, mkalimani wa zahanati na mwandishi wa riwaya waseme bakteria pale palipo na bakteria, kirusi palipo na kirusi, na kimelea kwa kile kinachomea juu ya kingine. Mdudu tumwachie mbu, mwenye miguu sita. Na hata yeye hubeba tu kimelea cha malaria, si malaria yenyewe.