Vibao vya Faini Tunaviona, vya Njia Viko Wapi?

Ukitoka Makambako kwenda Dar es Salaam kwa gari, huwezi kukosa kibao cha 50. Kila kijiji kina chake, kimesimama wima, namba inasomeka vizuri, na mbele kidogo chini ya mti kuna askari na tochi yake. Ukiingia Mikumi unakuta bango linaloeleza ukigonga mnyama utalipa kiasi gani, mnyama kwa mnyama. Kumbe nchi hii inajua kuandika vibao. Ikitaka kukwambia jambo linalohusu hela yako, inaandika kwa herufi kubwa.

Sasa ingia mjini.

Likizo iliyopita tulikuwa sita kwenye Noah ya mjomba, tunampeleka bibi kliniki upande wa Temeke. Miadi yake ilikuwa saa nane mchana, na Kibaha tuliipita saa tano na nusu. Mjomba anaendesha magari miaka mingi, ila kwa Dar ni mgeni kama sisi wengine. Pale Ubungo, kwenye daraja la juu lenye jina la Kijazi, tulitakiwa kushika Barabara ya Mandela kwenda Tazara. Mshale tuliuona tukiwa tumeshaupita, na nyuma yetu malori mawili yanapiga honi. Tukanyooka na Morogoro Road. Na ukishanyooka pale, kugeuka si jambo la kuamua tu, maana katikati kuna njia ya mwendokasi. Tukapita Manzese, tukapita Magomeni, tukashuka Jangwani, tukajikuta Kariakoo.

Bibi alikaa Temeke miaka ya 1970. Muda wote huo alikuwa anasema, "Tafuteni Pugu Road, itawafikisha." Alikuwa sahihi kabisa! Lakini Pugu Road siku hizi ni Barabara ya Nyerere, na vijana tuliowauliza hawakuwahi kuisikia hiyo Pugu Road. Mwenyeji wetu kwenye simu naye anaelekeza kwa sheli, mwembe na "kwa Mangi". Hakuna hata mmoja aliyetutajia jina la mtaa. Halafu tukaingia mtaa ambao ni wa kwenda tu, kwenye kona hakuna alama yoyote, ila mbele alikuwepo askari. Mjomba akataka kubisha. Mama akamwambia, "Kaka, pokea hiyo karatasi tuondoke, mama anachelewa." Elfu thelathini.

Hapa ndipo nimekwama na vitabu vyangu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa dereva wajibu wa kutii alama. Sawa. Lakini huwezi kutii kitu ambacho hakipo. Darasani tunafundishwa kwamba kutojua sheria si utetezi, na mimi nakubali, kwa sababu sheria imechapishwa na mtu anaweza kuitafuta akaisoma. Uelekeo wa mtaa mmoja wa Kariakoo umechapishwa wapi, kama si kwenye kibao cha kona yake? Kibao kikikosekana, anayepaswa kuulizwa kwanza ni mwenye barabara. Badala yake anaulizwa dereva, tena mgeni, tena mwenye mgonjwa.

Bodaboda mmoja ndiye aliyetuokoa. Alimwamkia bibi shikamoo, akasema "nifuateni", akatuongoza hadi mlangoni kwa elfu tano. Tulifika saa tisa na robo. Daktari wa bibi alikuwa ameshaondoka, tukapangiwa wiki iliyofuata. Piga hesabu mwenyewe: siku saba za kulala kwa ndugu, chakula cha watu sita, mjomba hana kazi, na dawa za presha za bibi zilikuwa zimebaki za siku mbili.

Najua kuna mtu atasema siku hizi kuna ramani kwenye simu. Tulikuwa nayo. Ilitupeleka kwenye uchochoro ambao hata bajaji inapita kwa kujikunja, halafu bando likaisha. Na tusijidanganye kwamba kila dereva wa nchi hii ana simu janja. Halafu jiulize: nyumba ikiwaka moto ukapiga 114, utawaambia Zimamoto waje wapi? Kwenye mwembe? Mwembe wenyewe ulishakatwa.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba. Wazo lilikuwa zuri, nalisema hilo nikiwa mpinzani. Ila tembea mtaani kwako leo uone. Kwetu nguzo nyingine zimelala, nyingine zimeishia kwa wauza chuma chakavu, na zilizobaki zimebeba majina ambayo hata wakazi hawayajui, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Uzinduzi ulikuwa na kamera. Matengenezo hayana kamera, basi hayafanyiki.

Kuna wenzetu watasema hii ni habari ndogo, tunadai katiba mpya na tume huru, vibao ni vya nini. Kwa anayepita mjini kwa king'ora, barabara ikiwa imefungwa kwa ajili yake, ni kweli ni ndogo. Hajawahi kuuliza njia. Ila mpiga kura wetu anauliza njia kila siku, na mara nyingi anaulizia hospitali.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii kwa kila tawi ni barua moja. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Iandikieni halmashauri yenu: nguzo za anwani ngapi zilisimikwa kwenye kata hii, ngapi bado zimesimama, mitaa ipi ni ya kwenda tu na alama zake ziko kona gani, na nani ana bajeti ya kuzirudisha zilizoanguka. Pigeni picha kona zisizo na kibao mziambatanishe. Barua ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.