UCHAMBUZI: Sayansi ya jana isifunzwe watoto wa leo
MACHI 2025, Muungano wa Kimataifa wa Astronomia uliitambua miezi mipya 128 ya sayari ya Zohali. Jumla ikafika 274. Kitabu cha sayansi kilichochapishwa 2023, Gredi ya Saba ilipoanza humu nchini, hakingeweza kuwa na habari hiyo.

Mwalimu mwenye intaneti angeifikisha darasani siku iyo hiyo. Asiye nayo hufunza idadi ya zamani, na wanafunzi humwamini.

Serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi mwaka wa 2016. Hata hivyo, kishikwambi kisichounganishwa na intaneti ni kitabu kingine tu, nacho huzeeka. Kabla ya kununua vifaa zaidi, hapana budi Wizara ya Elimu igharimie intaneti na kuwanoa walimu, ili mtoto wa Turkana na wa Nairobi wasome sayansi moja.